Mwalimu wa Kwenye Simu

Francistown, 3 Agosti

Shangazi Kelebonye,

Shikamoo. Habari za Thamaga, na mifupa inasemaje na baridi hii? Mimi mzima, kazi ya ukarani mahakamani bado inanilisha.

Nimeanza kujifunza gitaa! Nimeweka programu kwenye simu. Nimeitia wimbo wa baba kutoka kwenye ile kanda aliyorekodi, nayo inanisikiliza nikiufuata: nikipatia, alama ya kijani, nikikosea, nyekundu. Jana imeniandikia, “Hongera, unaweza!” Desemba, tukifunua jiwe la kaburi lake, nataka nimpigie wimbo huo. Unasemaje?

Mwanao,
Tirafalo

Thamaga, 19 Agosti

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mbuzi hawajambo, jirani yangu Mma-Seabelo ndiye mwenye mafua.

Nimecheka mpaka uji ukanipalia. Simu inakupongeza! Hiyo hata ukiipigia ndoo itakupongeza, maana ikikutukana utaizima. Mwambie huyo mwalimu wako asiye na mikono akuonyeshe tunavyopiga huku: nyuzi nne, mkono ukitokea juu ya shingo ya gitaa, siyo kuikaba kwa chini kama mtu anayechinja kuku.

Wewe una vidole vya karani. Gonga mihuri.

Shangazi yako,
Kelebonye

Francistown, 7 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mpe pole Mma-Seabelo.

Nimetoa nyuzi mbili, zimebaki nne. Mkono naupitisha juu. Kwenye simu wanachora sita, hizo mbili nazifumbia macho. Nimejirekodi, nimemtumia Mma-Seabelo akusikilizishe.

Mwanao,
Tirafalo

Thamaga, 20 Septemba

Mwana wa kaka yangu,

Salamu zimefika. Nimesikiliza. Mma-Seabelo alidhani kuku kaingia kwenye masufuria. Wimbo wa baba yako wa ng'ombe waliopotea umeupiga kama mtu anayesoma risiti. Kwa mpigo huo, ng'ombe hawakupotea, walikimbia.

Usilete takataka hiyo kaburini kwa kaka yangu. Nitapiga mwenyewe.

Shangazi yako,
Kelebonye

Francistown, 2 Oktoba

Shangazi,

Salamu ni zilezile.

Nilikuwa na miaka tisa uliponipokonya gitaa mbele ya watoto wote wa ukoo, ukasema nina masikio ya udongo. Umemfundisha nani mpaka leo? Kila aliyekujia aliondoka analia. Simu haina mikono, kweli, lakini haijanicheka hata siku moja.

Tena Mma-Seabelo kaniambia. Vidole vyako havikunjiki tangu mwaka jana, kikombe cha chai unakibeba kwa viganja. Kaburini utapiga na nini? Ukiondoka duniani, wimbo wa baba unaondoka nawe, na kitakachouua ni dharau yako.

Tirafalo

Thamaga, 23 Novemba

Tirafalo,

U mzima? Mimi mzima, ukiacha hayo uliyoyasikia kwa jirani mwenye domo.

Amenisikilizisha wimbo uliomtumia juzi bila neno. Uzi wa tatu umelegea. Mwanzo unakimbia kama mtu anayewahi choo. Takataka, ila siyo kama ile ya kwanza.

Lakini pale ng'ombe wanapoitwa kwa majina, umeuchelewesha uzi mnene. Ukauacha nyuma, nikadhani umesahau, halafu ukaja. Mimi sipigi hivyo. Baba yako hakupiga hivyo. Nilimwambia Mma-Seabelo arudie, akarudia mpaka simu ikazima.

Nani kakufundisha? Jibu upesi.

Shangazi yako,
Kelebonye

Francistown, 29 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, japo umepinda. Pole na vidole. Nilikuandikia kwa hasira.

Hakuna aliyenifundisha. Nilichelewa kwa bahati mbaya, nikapapenda, nikarudia. Programu inanitia nyekundu kila nikifika hapo. Inataka nirekebishe, nami najaribu, vidole vinakataa.

Mwanao,
Tirafalo

Thamaga, 4 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Nyekundu! Kumbe hilo dubwana ni kiziwi, na mimi nilidhani ni jinga tu. Ukiparekebisha pale, usikanyage uani kwangu.

Njoo Jumamosi na gitaa. Nitakaa mbele yako nikutukane mpaka mwanzo utulie. Na majina ya ng'ombe nitakutajia yote, kuna watatu umewaruka.

Kaburini utapiga wewe. Mimi nitaimba. Koo halijavimba.

Shangazi yako,
Kelebonye