Kopo la Halua la Marehemu Baba

Paris

Mdogo wangu Athumani,

"Huyo bikizee wako anakudanganya, dada. Enzi za sinema bubu hakuna mwanamke aliyeongoza filamu. Na makopo ya filamu ya baba ni takataka, nampa sonara."

Ndivyo ulivyoniandikia. U mzima lakini? Goti la Mama limetulia? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Nimekupelekea simu ya maandishi kukukataza, na hujajibu.

Basi nisikilize. Bikizee huyu, jirani yangu wa ghorofa ya chini, aliongoza filamu tangu usichana wake, nyingi hata hazikumbuki zote. Kampuni ikafungwa, mume akamwacha, na wanaume walioandika vitabu vya sinema wakagawiana kazi zake. Vitabu hivyo nimevisoma, usinitajie! Juzi akanisimulia filamu yake moja: mwoka mikate anafukuza kuku dukani mpaka anatumbukia kwenye unga. Nikaruka kitini. Si ndiyo ile baba aliyotuonyesha uani petu Mji wa Kale, shuka jeupe ukutani, Mama akicheka mpaka leso ikamwanguka?

"Jina langu lilikuwa mwanzoni," akasema. "Waulize wenye nakala."

Wenye nakala si ni sisi! Unakumbuka wanawake wa mtaa walivyompigia baba kelele: "Bwana Salimu, hatusomi Kifaransa sisi! Tuonyeshe watu!" Naye, ili wasimtoroke, akakata kila filamu kipande cha maandishi cha mwanzo, kile chenye majina. Hakutupa hata kimoja. Vyote alivitia katika kopo la halua, na kopo hilo limo humo humo katika takataka zako.

Sasa sonara avichome, apate hiyo fedha kidogo ya kufulia pete iliyomo ndani ya filamu, na ushahidi wa maisha ya mtu uwe majivu? Bibi huyu jirani yangu anakaribia miaka tisini. Kila asubuhi nasimama mlangoni kwake, sigongi kwanza, nasikiliza kama atakohoa.

Nisalimie Mama, na shangazi aliyenishonea koti, na wifi yangu, mkeo, ambaye nampa kazi: ukikaidi, akufungie chakula.

Athumani, ukifika mstari huu acha kusoma. Vaa viatu, nenda kwa sonara, mwambie dada yako kakataa. Kopo la halua lirudi nyumbani, likae mbali na jiko, maana filamu hizi hushika moto upesi, na mkononi mwa Mama, si mwako.

Dada yako anayekungoja,
Mwanaisha