Dawa aliyoiacha Nasur

Santina, uko wapi? Nasur, mume wa dada Hajara, yuko mahututi.

Sisi tulidhani kile kibomba cha waya alichowekewa Kampala kwenye mshipa wa moyo kimemponya. Leo ameanguka nyumbani Koboko, Hajara akamkimbiza Arua.

Daktari akawaambia mishipa yake imejaa chokaa, imekuwa migumu. Kibomba hakikufunguka vizuri na nyama imechelewa kukifunika, kwa hiyo damu inaweza kuganda pale. Akauliza, "Ile dawa ya kuzuia damu kuganda, anameza kila siku?"

Hajara akajibu, "Kila siku, daktari."

Nasur akafumba macho. "Niliacha. Fizi zilikuwa zinatoka damu, na niliona mwili uko sawa."

Eti "niliacha", Santina. Mbele ya mke aliyekuwa akimpa kidonge na maji mkononi kila asubuhi.

Hajara hakumgombeza. Alimfuta jasho, akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unafurahi."

Sasa wako kwenye ambulensi kwenda Kampala, wamepita Pakwach. Kila nikiuliza, Hajara ananiandikia neno moja tu: anapumua.

Nimeuliza tena. Ameusoma ujumbe. Hajajibu.