Tulivyokosana kwa Ajili ya Mchezo wa Chai

Jumamosi jioni

Heri nisingecheka. Hiyo tu ndiyo inanisumbua.

Leo pale saluni, mtangazaji kwenye redio alianza kuukosoa ule mchezo mpya wa jukwaani wenye nyimbo niliouona na Chebet mjini Kericho. Alisema hadithi ya wachunaji wa majani chai walioachishwa kazi mashine zilipokuja haifai kujaa densi na vichekesho.

Wanawake wakagawanyika. Msusi akasema huyo ana wivu. Mama mmoja akasema ana haki. Mimi niliupenda huo mchezo, hata njiani tukirudi nilikuwa naimba, kwa hivyo nikautetea.

Chebet, aliyekuwa anasukwa kando yangu, akasema polepole, "Amesema ukweli. Mtu akifutwa kazi hachezi densi."

Nikacheka. "Wewe Chebet unajua nini kuhusu sanaa? Umezoea kwaya ya kanisa tu."

Saluni nzima ikacheka. Chebet akasimama, akafunga leso juu ya nywele zilizosukwa nusu, akaenda.

Ndipo nikamkumbuka mama yake. Alichuna majani chai miaka mingi, mpaka mashine zikaja. Nilijua. Rafiki yangu tangu shule, nawezaje kusahau kitu kama...

Nimempigia simu sasa hivi, nikamwambia pole.

"Sijakasirika kwa sababu ya mchezo, Akinyi," akasema. "Siku aliyofutwa, mama alikaa jikoni mpaka giza bila kuwasha moto. Hiyo ndiyo nilitaka kuwaambia. Lakini ulikuwa umeshacheka."