Nilivyoitikia Peke Yangu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Buguruni hatujambo, na mdogo wako ameota meno mawili, anatung'ata sote. Umeniuliza kama enzi zetu tuliwahi kuigomea serikali. Tuligoma, ila mimi nilitia aibu.

Nilikuwa nauza uji Kariakoo, kwa wachukuzi wa sokoni. Miaka ile ya Ujamaa, asiye na kitambulisho cha kazi aliitwa mzururaji, akarudishwa kijijini kulima. Siku moja mgambo wakatukusanya kina mama kiwanjani, sufuria zetu zikiwa bado za moto. Jirani yangu Mwajuma akatunong'oneza, "Akija kiongozi wao, asiitikiwe. Tumwache aseme peke yake."

Kiongozi akapanda juu ya kiti, akanyoosha ngumi. "Uhuru!"

"Na kazi!"

Ilikuwa sauti yangu, Zuhura, yangu peke yake. Ndivyo tulivyozoea kuitikia kila mkutano, na neno lilinitoka kabla sijafikiri. Kiongozi akatabasamu. "Mwacheni mama huyu, ni mwelewa."

Nikabeba sufuria yangu, nikaondoka. Wenzangu walipandishwa lori, na hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mwaka uliofuata Mwajuma alirudi mjini, akanikuta palepale. Nikamkaribisha kwa bakuli la uji. Hakulipokea. Alinyoosha ngumi taratibu, akaniangalia usoni, akasema, "Uhuru!"

Siku hiyo ndipo nikaweza kunyamaza.

Bibi yako,
Tausi