Mlango wa Upande wa Baba Yako

Kijiji cha Arilakh,
Mto Aldan,
Yakutia.
19 Februari 1984

Mpendwa mpwa wangu Gavril,

Baba yako kafa. Kafa mtoni tarehe 31 Januari, lori likazama naye. Telegramu ilikwambia hivyo hivyo, na wakubwa wako huko jeshini hawakukupa ruhusa. Tumemzika bila wewe.

Sasa salamu. Hujambo? Kile kikohozi cha vuli kimekwisha? Sisi tupo. Mama yako anakula kidogo, analala kidogo, ng'ombe anakamua mwenyewe, hataki msaada. Mimi daktari kanikata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Ni vile vidogo. Baridi ilifika hamsini na tatu chini ya sifuri, sasa imelegea iko arobaini.

Usicheke mwandiko. Unajua niliishia darasa la tatu. Mama yako alitaka kuandika yeye, nikamwambia hapana, hii ni ya kwangu.

Siku ile nilikuwa ng'ambo ya pili napima barafu. Katikati ya mto nilipata sentimita themanini na nane. Karibu na ukingo wetu, pale mkondo unapoila kwa chini, hamsini na tano. Inatosha lori linalotambaa. Haitoshi gari linalokimbia. Nikaandika kwenye daftari, nikachomeka matawi ya misonobari kuonyesha njia. Baba yako akapita na magunia ya chakula cha ng'ombe, akanipakia turudi nyumbani.

Unajua alivyokuwa anavuka. Gia ya pili, milango yote miwili imefungwa kwa mkanda ikae wazi, tuweze kuruka barafu ikipasuka, kichwa nje anasikiliza barafu. Timofei, dereva mwenzake, alikuwa anamtania miaka yote, eti Afanasi anaendesha kama kampakia mama mkwe mwenye bakuli la supu. Baba yako alikuwa na jibu moja tu: "Wewe nipite. Nikifika nitakukuta jikoni kwangu unakausha suruali."

Upepo ulikuwa unatoka upande wake. Upande wangu haukuwa na upepo. Tulikuwa tumebakiza hatua kama mia mbili kufika ukingoni.

Nikamwambia, "Funga huo mlango, Afanasi. Sikio langu linakatika."

Akasema, "Si tumefika."

Nikamwambia, "Tumefika wewe. Sikio si lako."

Akacheka. Akafungua mkanda, akavuta mlango, akafunga.

Gavril, miaka ishirini na sita baba yako kavuka mto huu na mlango wake haujawahi kufungwa. Aliufunga kwa sababu yangu. Mimi ndiye mpima barafu. Mimi ndiye ninayewaambia watu wafungue milango. Wangu ulibaki wazi kwa sababu haukunisumbua.

Gari dogo likatoka ukingoni kwetu likija mbio, dereva kijana wa mjini. Gari likikimbia juu ya barafu linasukuma maji huku chini. Hayo maji yanatembea. Yeye aliyasukuma kuja kwetu. Nilihisi barafu inapanda halafu inashuka, kama kitanda mtu akikaa pembeni yako. Kisha nyuma ya lori ikaingia, na lori likalalia upande wa baba yako.

Akausukuma mlango kwa bega. Haukufunguka. Kwa baridi ile, watu wawili mkipumua ndani, kitasa kinaganda upesi. Akausukuma tena. Mimi nilikuwa nimekaa kama gunia. Akaniwekea mguu kiunoni akanisukuma.

"Toka wewe," akasema.

Hayo tu. Nikatoka, maji yakanifika kiunoni, nikashika ukingo wa barafu. Maji yakaingia kwa mlango wangu yakamrudisha yeye chini. Nilipogeuka niliona shimo na magunia yanaelea.

Aliyenivuta ni huyo huyo kijana wa gari dogo. Alilala kifudifudi akanirushia shali yake. Suruali yangu ikawa ngumu kama ubao kabla hajanifikisha ukingoni. Alikuwa analia kuliko mimi. Atashtakiwa, na ashtakiwe, lakini simchukii. Nimejaribu, haikuingia.

Kesho yake trekta ikalivuta lori. Mkono wa baba yako ulikuwa kwenye kitasa.

Kaburi lake sikulichimba mimi, sikuweza kusimama. Alipokufa mke wangu Daria miaka minne iliyopita, baba yako ndiye aliyewasha moto siku tatu juu ya ardhi mpaka ikalainika, akachimba peke yake, akanikataza nisishike sururu. Safari hii nilikaa kwenye sleji ya kuvutwa na farasi nikawa naongeza kuni tu. Moto haukuzimika, hilo nililifanya sawasawa.

Utasikia maneno. Wapo wanaosema alikuwa anakimbia. Wapo wanaosema alikuwa amekunywa. Uongo. Alikuwa amekunywa chai. Mkaguzi kutoka mjini aliponiuliza nilimweleza yote isipokuwa mlango. Yegor, msimamizi wetu, aliniambia ninyamaze, kufunga mlango si kesi, na maiti hafufuki kwa kuongea. Nikanyamaza wiki mbili pale kitandani nyumbani kwenu.

Juzi nimemwambia mama yako. Alikuwa anakata samaki aliyeganda, vile vipande vyembamba anavyokuletea mezani. Akaendelea kukata mpaka samaki akaisha. Akatoka kwenda kwa ng'ombe. Nikajua leo nafukuzwa. Akarudi, akaniwekea chai yenye maziwa, kikombe kikaniunguza maana hakusubiri nishike vizuri.

Akasema, "Mwandikie Gavril. Asije kusikia kwa watu, akadhani na mimi nilimficha."

Hajasema amenisamehe. Sijamuuliza. Asubuhi yake aliniletea uji.

Sasa sababu ya pili ya barua hii. Barua yako uliyomwandikia baba yako mwezi wa kwanza imefika siku tano baada ya mazishi. Mama yako hakuweza kuifungua, nimeisoma mimi, nisamehe. Unasema utaachiwa mwishoni mwa Machi. Unasema mkuu wa shamba la serikali atakupa lori jipya mjini, na utalileta mwenyewe. Unasema huko jeshini mmeendesha kilomita themanini kwa saa usiku na mchana, kwa hiyo mto utauvuka kwa dakika mbili.

Baba yako alikuwa anatumia ishirini na tano.

Huko kwenu ni lami. Huku mwanzo wa Aprili barafu ni mbaya kuliko Januari, hata ikiwa nene. Jua linailegeza. Ukiiona imekuwa nyeupe, ihesabu nusu. Maji yakiwa juu yake, hujui yanaanzia wapi. Kwa hiyo mjini usitoke mchana. Lala kwa watu, uje ufike mtoni alfajiri, kabla jua halijaigusa.

Lile teremko la kushukia mtoni ni kioo. Tunalimwagia mchanga lakini upepo unauchukua. Usikanyage breki. Shusha gia ukiwa bado juu, acha injini ilishikilie lori. Likianza kuteleza usipigane nalo, geuza usukani kule nyuma ya lori inakokwenda, taratibu, mguu mbali na breki. Baba yako alikufundisha haya ukiwa na miaka kumi na minne, lakini jeshi linasahaulisha.

Juu ya barafu usikimbie na usisimame. Aliye mbele yako mwache aende mpaka umwone mdogo kama mbwa. Ukiona gari linakuja upande wa pili karibu na ukingo, subiri nchi kavu lipite, hata dereva akikupigia honi, hata akikutukana mama. Ukikaribia ukingo ndio upunguze zaidi, hapo ndipo maji yanaporudi. Watu wanafanya kinyume. Wakiona nyumba wanakanyaga mafuta.

Na mlango. Wazi. Yote miwili. Ukiwa na abiria anayelalamika baridi, mteremshe atembee. Awe mzee, awe mgonjwa, awe mjomba wako.

Mama yako hataki uendeshe kabisa. Anasema lori walitoe kwa mtu mwingine, wewe ukae nyumbani uchunge farasi. Mimi simwungi mkono. Hii ni kazi yako na unaipenda, na mto huu hauzungukiki. Nimemwambia nitakupima njia mwenyewe. Siku utakayofika nipigie simu kutoka mjini kwa ofisi ya shamba, waniite. Nitatembea mbele ya lori lako na mtaimbo mkononi, kutoka ng'ambo mpaka kwetu. Ukitaka kunipiga, nipige tukishafika juu. Kwanza vuka polepole.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta soksi za manyoya alizofuma mama yako, siagi kidogo, na mkanda wa ngozi ya farasi. Ni ule wa mlango wa upande wa baba yako. Ulikuwa umebaki unaning'inia kwenye bawaba. Niliukausha, nikaupaka mafuta, haujakatika popote. Mama yako ndiye aliyesema utumwe.

Novemba baba yako aliupa mto sadaka ya chapati za maji na siagi kama kila mwaka. Mama yako anasema mwaka huu na mwaka ujao hautapata kitu kwake. Jana nilijikongoja mpaka ukingoni nikautupia tatu, nikataja jina lako. Usimwambie.

Mama yako Matriona anakusalimu. Yegor anakusalimu. Timofei anakusalimu, siku hizi anavuka gia ya pili na hataki mtu amuulize kwa nini. Mto ukuone unapita, ukuache upite.

Daktari ameutazama mguu leo, kasema viatu vinaingia. Wananiambia karibu na ukingo barafu imefika sitini na nane. Sitaki kuambiwa, nataka kuona kwa keekee yangu ya kutobolea barafu.

Mimi nikupendaye, ujue hivyo hata ukikasirika,
Mjomba wako Prokopi

Kesho narudi kazini.