Vyuma Chini ya Viatu vya Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye fundi viatu bora duniani, na hata nje ya dunia kama huko wanavaa viatu. Shule niliishia la sita, sawa, lakini waziri akikatika kisigino hamwiti profesa. Tena ndiye baba bora wa mtaa huu. Mama yangu mwenyewe anasema hivyo, hasa kandambili zake zikikatika.

Leo binti yangu kanipa notisi. Tunamwita Bosi. Ana miaka mitano na nusu – hiyo nusu ukiisahau atakukumbusha. Tumefika kibandani kwangu kama kila asubuhi, nikanyoosha mkono tuendelee hadi chekechea. Akaficha wake mgongoni. Kuanzia kesho anaenda mwenyewe. Nikamuuliza nani kasema.

"Mimi."

Kutoka kibandani ni hatua mia mbili na kumi na nne, hatua zangu. Barabara ya kuvuka hakuna. Ila kwenye karakana ya mbao njia inapinda, na kuanzia hapo simwoni tena. Mama yake anafua mashuka hospitalini, akirudi mikono inanuka dawa. Kasema mwache mtoto, amekua. Basi nikamwambia Bosi: nenda, nakuamini. Akanipa mkono kama mtu tuliyeuziana gari.

Jumanne, 4 Machi

Kaenda mwenyewe. Mimi sijashtuka hata kidogo. Nimeshona tu soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto. Nimefumua. Hutokea.

Jumatano, 5 Machi

Akili ninazo, wallahi! Jana jioni nilichukua viatu vyake vya shule nikagonga kipande cha chuma chini ya kila kisigino. Njia yenyewe ni saruji, kuta ndefu huku na huku, sauti haina pa kwenda. Leo nikaacha nyundo, nikatega sikio. Ti, ti, ti. Kapinda kwenye mbao – bado namsikia. Kasimama. Kakutana na paka wa karakana, najua. Kakimbia. Lango la chekechea likalia. Nikarudi kazini kama mfalme.

Aliniuliza vya nini. Nikamwambia ni vyuma vya mabingwa, vinampa mtu nguvu za kwenda mwenyewe. Akageuza soli akazitazama kwa heshima zote.

Ijumaa, 7 Machi

Mama yake kagundua. Kasema nimemfunga mtoto kengele kama mbuzi. Nikasema mbuzi anayejitegemea. Hakucheka. Kasema mwambie ukweli kabla hajaambiwa na mtu. Nikasema Jumatatu.

Bosi naye hana habari. Kawaringia darasa zima. Anafunga mikanda ya viatu peke yake, ukimsaidia anafungua anaanza upya. Leo wakati wa kula kaniambia, kinywa kimejaa, kwamba zamani alikuwa anaogopa msumeno wa karakana, unapiga kelele. Sasa haogopi, kwa sababu ya vyuma.

Zamani ni juzi. Nikamwongezea mchuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilitaka kumwambia leo. Kweli nilitaka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Kinyozi wa mbele yangu hatafuti pa kuanzia. Bosi kampa shikamoo, yeye kaitika marahaba, halafu huyo: "Kanyaga kwa nguvu, Bosi. Baba yako huyu kila asubuhi anaacha nyundo anahesabu hatua zako. Unadhani hivyo vyuma kaviweka vya nini?"

Bosi akanigeukia. Mimi nikainama natafuta uzi. Uzi ulikuwa mkononi.

Akaenda. Ti. Ti. Ti. Polepole, kama anayesikiliza na yeye.

Nimemwambia kinyozi mdomo wake ndio unaohitaji wembe. Kasema yeye alidhani mtoto anajua. Na kweli, mtu angedhania hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Ti, ti, ti mpaka kwenye kona. Halafu kimya.

Nikasubiri. Msumeno unalia, labda umemfunika. Msumeno ukanyamaza. Kimya. Nikatoka mbio, sikumbuki hata kuaga mteja. Njia nzima hakuna mtoto.

Mwalimu yuko langoni. Kasema Bosi kafika kitambo, miguu mitupu, viatu kwapani. Kanawa miguu bombani, kavaa, kafunga mikanda, kasalimia, kaingia. Halafu mwalimu akautazama mkono wangu. Ulikuwa bado ndani ya kiatu cha mteja, mpaka kwenye kifundo. Nikamwambia ndivyo tunavyovijaribu.

Njiani kurudi nilitembea kifua mbele. Kapita kwenye msumeno bila vyuma, bila viatu, bila mimi! Huyo ni damu yangu.

Mchana kaja kibandani peke yake. Kavua viatu, kaviweka juu ya meza yangu, kakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Fundi, toa."

Fundi. Si baba. Nikacheka, yeye hakucheka. Nikachukua koleo, nikang'oa cha kushoto.

"Kwa hiyo nguvu hazikuwepo?"

Nikasema zilikuwepo, ila ni zake mwenyewe. Hilo nililipenda nilivyolisema.

"Ulisema ni za vyuma."

Akauliza kama kesho nitamfuata. Nikasema hapana. Akaniangalia mdomo kama mteja anayekagua mshono, akaona palipofumuka. Halafu akageukia njia.

Nimeomba nipumzike kidogo, ndio naandika hapa nyuma ya daftari la vipimo. Yeye hajui kusoma bado, kwa hiyo hapa naweza kusema ukweli. Vyuma nilivipiga vizuri, havikuyumba hata siku moja. Sauti niliipatia. Kila kitu nilikipatia. Ila tulipeana mkono nikamwambia namwamini, na sikumwamini hata hatua moja. Hilo ndilo nimeliharibu, na sijui linashonwaje.

Cha kulia bado. Kasogeza kigoda karibu, anaangalia mikono yangu.