Maganda ya Ufukweni Ndani ya Jiwe la Kilindi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Mabatini ukiwa mzima, na lile goti limepungua kuuma. Dawa unakunywa mwenyewe, au mpaka mdogo wangu Minza akukumbushe? Mimi sijambo, ila baridi ya huku Austria imenipasua midomo.

Mama, niseme mapema: Desemba siji. Najua sherehe ya kumuaga Minza kabla ya harusi yake itapita bila dada yake, na umeshawaambia watu kwamba nitakuwepo. Kwenye simu nilishindwa kukuambia, ndiyo maana naandika.

Unajua kazi yangu ni mawe. Haya ya milima ya huku yalikuwa tope chini ya bahari, zamani za mijusi wakubwa. Ndani yake mna maganda ya viumbe wadogo kuliko punje ya ulezi. Wengine waliishi ufukweni kwenye maji mafupi, wengine bahari ya mbali yenye kina kirefu. Ukiyatambua maganda, unajua bahari ilikuwa na kina gani.

Mwezi wa tisa nilikuta aina zote mbili kwenye tabaka moja. Nikampelekea profesa wangu. Alichungulia kwenye hadubini, akavua miwani.

"Limi, umechanganya mifuko ya sampuli."

"Sijachanganya, Profesa."

"Basi hukuosha chekecheo vizuri. Tupa zote, uanze upya."

Nilirudi chumbani nikalia. Miezi minane ya kuloweka, kuchuja na kuhesabu! Nikatoa sanduku nianze kupanga nguo, nije nyumbani moja kwa moja. Katikati ya kukunja vitenge nikakumbuka ile masika udongo ulipoporomoka mlimani kwetu. Asubuhi tulikuta mahindi yamesimama mlangoni, na wewe ukasema, "Haya ya Mama Kulwa, yameshuka na shamba lake." Ukamwita aje ayachukue.

Nikaacha sanduku wazi. Je, kama sakafu ya bahari ile nayo iliporomoka? Enzi hizo ardhi ya huku ilikuwa inavutwa huku na huku mpaka inapasuka. Upande mmoja ukazama, mwingine ukabaki juu karibu na jua. Ardhi ikitikisika, tope la juu linateleza hadi kilindini pamoja na maganda yake.

Ilibidi nithibitishe. Nilirudi peke yangu kwenye korongo nilikoyatoa mawe yale, theluji ya kwanza ikidondoka, kutafuta jiwe gumu la tabaka lile lile, lisilopita kwenye chekecheo lolote. Siku ya tatu nikalipata, vidole vimekufa ganzi. Fundi wa maabara akanisaidia kulikata likawa jembamba hadi mwanga ukapenya. Mama, maganda ya ufukweni na ya kilindi yalikuwa yamegandana humo pamoja, katikati ya vipande vya miamba iliyovunjika.

Profesa alilichungulia kwenye hadubini.

"Hii hukuichanganya wewe," akasema. "Ni ardhi yenyewe. Nilikukosea, Limi." Halafu akauliza, "Tabaka hili linaishia wapi?"

"Sijui bado."

Hilo ndilo linalonizuia, Mama. Nataka kulifuata bonde zima, kisha nikate na kusoma mawe yake msimu huu wote wa baridi. Siondoki hapa mpaka nijue. Uchungu wa kumkosa Minza ninao, lakini uamuzi ni wangu na sitaubadili.

Mwambie Minza nampenda, na asinikasirikie kwa muda mrefu. Nisalimie kaka wa kiwandani Nyakato na shemeji, shangazi muuza dagaa, na mjomba wa Nyegezi aliyenisindikiza siku naondoka. Bibi mpigie magoti kwa niaba yangu.

Kesho asubuhi tunapanda tena korongoni kabla theluji haijafunga njia. Safari hii profesa anakuja. Amesema nyundo atabeba yeye, mimi nitangulie.

Ni mimi binti yako,
Limi